Kinu cha Ng'ambo

Lulindi, 9 Septemba 1956

Mjomba wangu Alfani,

Kabla sijakuamkia niruhusu nikuandikie sauti moja, maana nikianza na salamu nitaipoteza. Mapigo mawili ya mchi, kisha mchi unagusa ukingo wa kinu mara moja, kisha kimya kifupi, kama mtu anayebadilisha mkono. Mapigo mawili, ukingo, kimya. Ni wiki ya tatu sasa na bado ninayo masikioni. Nikisahihisha daftari za wanafunzi, kalamu yangu inaifuata.

Sasa shikamoo, Mjomba. Mpe Mama Fakihi shikamoo yake, na watoto wote wa hapo Mkunya salamu zao. Mimi ni mzima. Shule imefunguliwa na nimepewa darasa la tatu, wasichana thelathini na mmoja, wawili kati yao hawajui kunong'ona. Mkoba wa ukindu ambao Mama Fakihi huniletea kila mwaka nilisafiri nao njia nzima, nao haukufumuka hata uzi mmoja. Mwalimu mwenzangu Maria aliuonea wivu mpaka akataka tubadilishane na viatu vyake.

Nilikwambia kwamba walimu wa kike hapa tuna chama cha matembezi. Watu wanatucheka. Wanasema watu wa huku wametembea maisha yao yote, leo ndiyo wanaundiwa chama. Likizo hii tulikuwa sita, tukiongozwa na Bibi Ethel, mwalimu mkuu wetu, Mwingereza anayetembea kama mtu aliyeacha chungu motoni. Benedikto, mpishi wa shule, ndiye aliyetuonyesha njia. Siku ya kwanza aliuliza tunamtafuta nani huko mtoni. Maria akamjibu kwamba tunatafuta malengelenge. Tulicheka, lakini swali lake mimi lilinikaa.

Tulipanda lori mpaka Newala, tukalala misheni, asubuhi tukashuka ukingo wa uwanda wa juu kuelekea Ruvuma. Mjomba, ile njia niliijua kwa nyayo kabla ya macho. Ndiyo tuliyokuwa tukishuka na mama kuteka maji, yeye na mtungi, mimi na kibuyu, nimeshika pindo la kanga yake kwa nyuma. Wakati wa kushuka alikuwa akiniimbia. Wakati wa kupanda hatukusema neno, pumzi zote zilikuwa za mlima. Siku hizi bomba la maji linajengwa, na sehemu kubwa ya njia imeota nyasi. Nilisimama pale kwenye jiwe la kupumzikia mitungi. Limebaki na mashimo yake ya duara, na ndani ya shimo moja kulikuwa na maji ya umande. Niliyanywa. Wenzangu walidhani nimeinama kufunga kiatu.

Siku ya tatu tulilala kando ya mto. Asubuhi, kabla jua halijatoka, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, ndipo nilipoisikia ile sauti kutoka ng'ambo, upande wa Wareno. Chai ilipoa. Maria aliniuliza kama nimeona mamba.

Kutoka hapo tulifuata mto siku sita mpaka unapoingia baharini, kisha tukageuka kaskazini tukipita ufukweni hadi Msimbati. Bibi Ethel alivua viatu. Sisi tuliokua uwandani, ambako maji yalihesabiwa kwa vikombe, tulisimama tukayatazama mengi vile, tusijue la kuyafanyia. Nimemwokotea mjukuu wako kombe mbili. Bahari ilinguruma mchana kutwa, na ndani ya ngurumo ile nilikuwa nikisikia kinu.

Mjomba, nina swali moja tu. Mama yangu alikuwa akitwanga namna gani? Nilikuwa na miaka saba alipofariki, na sijui kama ninakumbuka au ninabuni.

Bibi Ethel anataka niende chuo cha walimu huko Tanga kwa miaka miwili. Fomu iko mezani. Nitakueleza nikishaijaza.

Mpwa wako,
Paulina


Mkunya, 7 Oktoba 1956

Kwa mpwa wangu Paulina, ambaye kwetu ni Mwanne,

Marahaba, mwanangu. Barua yako imefika mkononi mwa mchukuzi wa korosho, imekaa kwake siku tisa, na kona moja imeliwa na panya. Maneno yote yamesomeka. Mimi naendelea. Mgongo unanikumbusha miaka niliyokuwa tarishi wa boma, maana zamani nilitembea kwa amri na leo nasikia nyinyi mnatembea kwa hiari. Mama Fakihi amecheka sana habari ya viatu. Fakihi amepata mtoto mwingine, wa kiume. Muhogo si mbaya. Mikorosho imetoa maua mengi, tunaomba yasipukutike.

Hilo la chuo ni jambo kubwa. Jaza fomu mapema, usiwasumbue wakubwa wako. Mimi ninayekulea kwa niaba ya upande wa mama yako nimekubali, na hakuna mwingine wa kuulizwa.

Kuhusu vinu, mwanangu, wanawake wote wanatwanga. Ukiwa mbali na kinu sauti inachezewa na upepo, hasa mtoni.

Ni mimi mjomba wako,
Alfani

Nilikuwa nimekwisha kutia sahihi nikakumbuka jambo. Ule mti wa mvumo usio na kichwa, bado umesimama?


Lulindi, 15 Oktoba 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa mtoto wa Fakihi, Mungu amkuze. Hapa mvua ya kwanza imeanguka dakika chache na kuondoka. Wasichana wangu wawili wamejifunza kunong'ona, sasa wanafanya hivyo kutwa nzima.

Huwa ninaandika barua kwanza kwenye daftari, kisha ninanakili. Nimeisoma tena ile niliyokuandikia, mstari kwa mstari. Sikuandika neno mvumo. Sikukwambia tulilala mahali gani pa mto, na mto ule ni mrefu.

Lakini upo, Mjomba. Iko mivumo mitatu mbele ya kisiwa cha mchanga, na wa katikati hauna kichwa. Umesimama. Ulijuaje kwamba ni hapo?

Nikwambie ninachokumbuka. Nilitoka kuchezea maganda ya korosho nikakuta mama hayupo. Nikakuuliza. Ukanijibu, "Mama ametangulia." Nikakuuliza atarudi lini, nawe ukaangalia uani kama kwamba aliyeuliza alikuwa huko. Baadaye mkanileta Lulindi. Likizo ya kwanza niliporudi nyumbani niliwakuta watu wamekaa mkekani, dua inasomwa, wanawake wakanipakata mmoja baada ya mwingine. Nilikula wali siku hiyo. Nakumbuka niliona haya kwa sababu wali ulikuwa mtamu.

Ila sikumbuki kaburi. Mmenipeleka kwenye makaburi ya wazazi wa Mama Fakihi, hata la yule mtoto wake aliyeishi siku mbili. La mama liko wapi?

Fomu ina mstari unaosema: Mama, yu hai / marehemu, futa lisilohusika. Kila fomu niliyowahi kujaza nimefuta neno la kwanza bila kuinua macho. Hii imenishinda.

Paulina


Mkunya, 30 Novemba 1956

Mwanne,

Marahaba. Tumo katika korosho, mikono yote imechubuka. Jicho la kushoto linaniuma na kuandika kunanichosha, ndiyo maana nimekawia. Mama Fakihi hajambo.

Nenda chuo. Kuhusu kaburi, hayo ni maneno ya mdomo kwa mdomo, si ya karatasi.

Alfani


Lulindi, 28 Desemba 1956

Mjomba wangu,

Shikamoo. Ulisema mdomo kwa mdomo, nikaja. Nilikaa Mkunya siku tatu za Krismasi, na siku zote tatu ulikuwa na safari. Ya kwanza ulikwenda Makote kumwona mgonjwa. Ya pili mgonjwa alikuwa amezidiwa. Ya tatu amepona, nawe ukabaki kula naye. Nimefurahi amepona.

Mama Fakihi alinichemshia ming'oko aliyoichimba porini. Tuliimenya pamoja uani, na alipokuwa akinipa ile minene hakunitazama usoni. Nilimshukuru kwa mikoba yote ya miaka hii. Akaweka kisu chini. Akasema, "Usinishukuru mimi." Nikamuuliza, basi nimshukuru nani. Akaingia jikoni, akakaa huko na moshi muda mrefu, akatoka macho mekundu, akasema ni moshi.

Bibi Ethel amenipa mpaka mwisho wa Januari kurudisha fomu. Sitairudisha na uongo, na sitairudisha na nafasi tupu. Mjomba, wewe ndiye uliyenifundisha a, e, i kwa kijiti mchangani kabla mwalimu yeyote hajanishika mkono. Niandikie.

Mwanne


Mkunya, 20 Januari 1957

Mwanangu Mwanne,

Umetia sahihi kwa jina la nyumbani, nami nimelisoma mara nyingi. Marahaba.

Sikuwa na mgonjwa Makote. Nilikaa kwa rafiki yangu siku tatu nikimsaidia kupura mtama ambao ulikuwa umekwisha purwa.

Mama yako Stamili na mimi tulizaliwa ng'ambo, mbele ya mivumo ile. Tulivuka tukiwa vijana kwa sababu huko watu walikuwa wanakamatwa kulimishwa pamba. Mama yetu akabaki. Mwaka ule ulipotimiza miaka saba ikaja habari kwamba mama yetu hawezi kusimama. Stamili akasema anatangulia, mimi nimfuate pamoja na wewe baada ya mavuno. Ulikuwa umelala na homa, hukuweza kutembea. Ndivyo alivyosema yeye mwenyewe akiwa mlangoni: natangulia. Neno nililokwambia lilikuwa lake.

Mvua ikawahi, mto ukajaa. Ulipopungua tukasikia kwamba huko wamewaandika watu upya, na anayetoroka hupigwa ndugu yake badala yake. Stamili hakuweza kumwacha mama apigwe. Nami niliogopa kukupeleka ukaandikwe.

Ndipo Padre Bartholomayo alipopita akitafuta wasichana wa kusoma. Wa umri wako walichukuliwa bwenini wasio na mama tu. Akaniuliza, mama wa huyu yuko wapi? Nikamjibu, "Ametangulia." Wallahi nilikuwa namjibu kweli. Akavua kofia. Kisha akafungua daftari lake akaandika, nami niliyekuwa tarishi najua kusoma maandishi yaliyo kichwa chini. Aliandika: yatima. Nilifungua mdomo. Nikakutazama, umekaa chini unachora a, e, i kwa kidole. Nikaufunga.

Habari ikatoka misheni ikarudi mjini. Watu wakaja kunipa pole. Mmoja, kumi, mji mzima. Ningewaambia nini, kwamba nimemwua dada yangu ili mwanawe apate kitanda? Wakaniuliza dua ni lini. Nikawatajia siku. Nilimsomea dua mtu aliye hai, Mwanne, na nikaitikia amina.

Kila kiangazi mama yako huleta salamu kwa watu wanaovuka. Mikoba yote ni kazi ya mkono wake. Kila mwaka ameuliza, nije? Nami nimejibu, usije, akionekana mama mtoto atarudishwa nyumbani, ngoja amalize. Ulipomaliza nikasema, ngoja apate kazi. Ulipopata kazi sikuwa na neno tena, nikanyamaza. Yeye hajui habari ya dua. Alinitii kwa sababu mimi ndiye kaka na mji ni wangu.

Uliniuliza alitwanga namna gani. Mkono wake wa kulia ulivunjika kifundo akiwa msichana, ukaunga vibaya. Hupiga mara mbili, huupumzisha mchi ukingoni, hubadilisha mkono. Nimesikia vinu vingi. Kile ni kimoja.

Jaza fomu unavyoona.

Mjomba wako,
Alfani


Mkunya, 14 Aprili 1957

Mwanne,

Sijambo. Mama Fakihi anakusalimu, na mtoto mdogo ameanza kukaa. Masika ni makubwa, bonde lote jeupe ukitazama kutoka ukingoni. Huenda barua yako imekwama njiani. Nilimwuliza mchukuzi, akasema hana kitu. Nikamwuliza tena juzi.

Alfani


Mivumoni, kando ya Ruvuma, 4 Agosti 1957

Mjomba wangu Alfani,

Shikamoo. Shikamoo na kwa Mama Fakihi, nakuomba umwambie kwamba shukrani zangu zimefika zilikotakiwa kufika.

Barua yangu haikukwama njiani. Niliandika nne nikazichana. Mbili zilikuwa za hasira, moja ya kilio, na ya nne ilikuwa ya heshima sana, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote. Nilikuwa nikiamka na kulihesabu kila jambo ambalo mama hakuliona: ubatizo wangu, cheti, meno yangu ya utu uzima. Kisha nikafika kwenye kile kijiti chako mchangani, kila mara hesabu ikaniharibikia hapo. Sasa ninaweza kukuandikia.

Kwenye fomu nilifuta neno marehemu. Kabla ya kuipeleka nilikwenda kwa Padre Bartholomayo. Amezeeka, huvaa miwani mbili kwa pamoja. Nilimweleza yote. Akaomba aletewe daftari la zamani, akautafuta mstari wangu kwa kidole, akauliza, "Mjomba wako alitumia neno gani hasa?" Nikamwambia. Akasema aliyeandika ndiye aliyepaswa kuuliza, ametangulia wapi. Akachukua rula, akapiga mstari juu ya yatima, akatia tarehe. Mstari ulinyooka. Hakulaani mtu.

Chuo nimekiacha. Siku ya tatu Bibi Ethel aliniletea fimbo yake ya kutembelea. Niliomba shule ndogo ya kule tulikolala, madarasa mawili na paa la nyasi, hakuna mwalimu aliyekuwa anaitaka. Maria anasema nimekipenda chama cha matembezi mpaka nimekihamia. Nilikuja tena kwa ile njia ya kuteka maji, peke yangu na mkoba. Jiwe la mitungi lilikuwa kavu safari hii.

Jumamosi iliyopita nilivuka pamoja na akina mama wa hapa wanaokwenda kuwaona ndugu zao. Maji yalifika magotini, na katikati kuna mchanga mgumu ambao mtu anaweza kuukalia. Niliisikia sauti tangu kisiwani. Wenzangu walipita, mimi nikaifuata.

Ni mfupi kuliko nilivyomweka akilini. Nywele zimekuwa nyeupe mbele tu. Nilipiga hodi nikamwamkia, akaitikia bila kuacha kazi, akanielekeza kwa kidevu penye mtungi, maana mgeni aliyevuka huwa na kiu. Mapigo mawili, ukingo. Kimya. Kile kimya hakikwisha. Alikuwa akiutazama mkoba.

Nikamwambia mimi ni Mwanne.

Hakupiga kelele. Aliulaza mchi chini taratibu, akafuta unga mikononi, akanishika masikio yote mawili kama tunavyowashika watoto wenye homa. Kisha akasema kwa Kimakonde maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: "Nilitangulia tu. Nikawa nawangoja."

Bibi alikwisha kufa zamani, miaka kumi na moja. Amezikwa nyuma ya nyumba na mama amepanda mbaazi pembeni. Nililala kwake siku mbili. Nilimsomea barua zako zote isipokuwa ile ya Novemba na ile ya Januari. Habari ya dua sikumwambia. Hiyo si yangu kumwambia, na si ya karatasi, ulisema kweli. Tulitwanga pamoja. Nilijaribu kufuata mapigo yake nikashindwa, mkono wangu ni mzima mno.

Alasiri ya mwisho aliniuliza, Alfani je? Alikuwa akitazama njia ya mtoni, siyo mimi. Watu wa hapa wanasema maji yatabaki magotini mpaka Oktoba, baada ya hapo hawawajibiki. Kwangu kuna kitanda cha kamba na chai. Nimekwisha kumwambia kwamba unakuja nyuma.

Mpwa wako,
Mwanne